Miraji Ubwa, Mhakiki wa Ubaoni, na Kesi ya Mbuzi wa Bububu

Waungwana mliojaa barazani mpaka njiani, kinamama mlioko ukumbini na ghorofani, mliotoka shamba na mliotoka mjini, wa maskani hii na wa maskani ile, Assalaam alaykum. Kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda msikitini na kutoka hapo kwenda Bububu, familia imeona isomwe kwanza historia ya marehemu, na anayeisoma ni Yussuf, mtoto wake mkubwa, ambaye ameagizwa na wakubwa wa nyumba hii asiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaomtoa jasho.

Marehemu Miraji Ubwa Nahodha alizaliwa Bububu tarehe 9 Agosti 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Ubwa Nahodha, seremala, na marehemu Bi. Mwanakheir, ambaye alikuwa fundi wa vitumbua na fundi zaidi wa habari za watu, na wanaokumbuka wanasema uchungu ulimshika akiwa na wenzake wanamsema mtu, akakataa kuingia chumbani mpaka habari ifike mwisho, ndiyo maana Miraji akazaliwa ukumbini juu ya mkeka, mkunga alipofika akakuta kazi imeshakwisha na wanawake bado wanaendelea na habari yao.

Alisoma Kurani chuoni hapo hapo Bububu, akaingia skuli mwaka 1960 na kumaliza madarasa ya chini mwaka 1967, kisha akaja mjini kwa shangazi yake na kusoma mpaka mwaka 1970, na katika miaka yote hiyo hakusifika kwa hesabu wala kwa jiografia, alisifika kwa kwenda sinema Jumamosi na kuisimulia filamu Jumatatu chini ya ngazi za skuli, vizuri kuliko ilivyokuwa, kwa sauti za watu wote, pamoja na farasi.

Tarehe 1 Machi 1972 aliajiriwa katika sinema moja ya hapa mjini, kwanza mfagiaji, halafu mwendesha mashine, na kule juu kwenye kijichumba chake cha joto alikuwa na dirisha dogo la kutazamia chini, akajifunza kazi ambayo haifundishwi, maana alikuwa akisema kwamba filamu ya kuchekesha haitazamwi kwenye pazia, hutazamwa mabegani mwa watu, mabega yakipanda na kushuka filamu ni nzuri, mabega yakitulia hata mcheza filamu angetembea kwa kichwa filamu ni mbaya. Mwaka 1985 alihamia kwenye gari la sinema lililokuwa likizunguka shamba, Makunduchi mpaka Nungwi, na Tumbatu wakivuka na mashine wameikumbatia kama bibi harusi, akafanya kazi hiyo na nyingine za ofisini mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2013.

Kuhusu ndoa, marehemu alimuoa Bi. Khamisa Ame wa Kidichi tarehe 22 Aprili 1978, na namna walivyojuana haijapata kusomwa hadharani, leo isomwe. Jumapili mchana sinema ilikuwa ya wanawake peke yao, na Jumapili moja Miraji akasikia kule chini kicheko kimoja kinapanda juu ya vicheko vyote, akashindwa kustahamili, akaizima mashine makusudi, taa zikawashwa, akatangaza kuwa filamu imekatika, kumbe anatazama dirishani nani huyo, na wanawake wakamtukana yeye na mashine yake na waliomzaa, na aliyetukana zaidi ya wote ndiye mwenye kicheko kile, huyo aliyemuoa. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Yussuf aliyezaliwa mwaka 1980, Yusra mwaka 1983, na Tahiya, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1988 na kurithi kicheko cha mama na macho ya baba.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mji mzima unalijua nusu nusu. Vyama vilipokuwa vingi na kila baraza ikajitia chama, hapa Sokomuhogo zilisimama maskani mbili zikitazamana, upande huu Maskani ya Hatubanduki na upande ule Maskani ya Zamu Yetu, kila moja na kahawa yake, na kila moja na ubao wake wa chaki wa kutangazia mikutano, vifo na mipira, na marehemu aliyekuwa Hatubanduki akapewa kona ya ubao aandike habari za filamu, kwa kuwa hapakuwa na aliyeziona nyingi kuliko yeye, na Zamu Yetu kuona hivyo nao wakampa kona Bwana Abdulhakim, fundi saa, rafiki yake Miraji tangu skuli na adui yake tangu uchaguzi wa kwanza.

Filamu za mapenzi hawakugombana, za ngumi hawakugombana, waligombana kwa filamu za kuchekesha za mambo ya kale, za masultani na mawaziri wao, za wapishi wa majumba ya kifalme, maana hapo kila mmoja alikuwa akitafuta nani anachekwa. Ikija filamu ya Kihindi ya mpishi mwerevu wa mfalme, Miraji anaandika kuwa haifai, kwa sababu mpishi ni mnyonge na anamtumikia mfalme huku anatabasamu, na Abdulhakim anaandika kuwa inafaa sana, kwa sababu waziri ndani yake anakula sahani ya kila mtu na sote tunamjua ni nani. Ikija ya Kimisri inayomcheka mfalme mwenyewe, Miraji anaisifu kuwa imewaumbua makabaila, Abdulhakim anasema imewatukana wazee na mila zetu. Wala hakuna aliyeandika hata siku moja kama filamu inachekesha. Kinamama wa mtaa wakajifanyia kipimo chao, ubao mmoja ukiilaani filamu basi ni ya kawaida, mbao zote mbili zikiilaani chukua mto wa kukalia na bisi, uwahi mbele.

Na ilikuwa hivyo kwa miaka, mpaka Tahiya, aliyekuwa amesoma chuo kikuu kule Tunguu na kubaki huko akifanya kazi, alipotengeneza na wenzake filamu yake ya kwanza, iitwayo Mbuzi wa Bububu, ya zamani na ya kuchekesha, juu ya gari moshi lililokuwa likitoka mjini kwenda Bububu mwaka 1907, likamgonga mbuzi wa bibi mmoja, na yule bibi akashitaki, kesi ikapanda kutoka kwa mkata tiketi mpaka kwa Mngereza mpaka barazani kwa Sultani, na kila mkubwa anasema mbuzi hamhusu. Marehemu alipopata habari kuwa bintiye ametengeneza filamu alifurahi, akatangaza kahawani, akawanunulia watu kashata, lakini aliposikia kuwa ni ya mwaka 1907 na watu wanacheka ndani yake, furaha ikaingia mdudu, na mwenyekiti wa Hatubanduki akamvuta pembeni na kumuuliza kwa upole, upole ule wa kumtia mtu kamba, hao watu wa enzi za Sultani walikuwa wakicheka nini, wakati raha imekuja baada ya Mapinduzi.

Filamu ilipangwa kuonyeshwa Ngome Kongwe usiku wa Jumamosi tarehe 7 Julai 2018, na Tahiya alimuomba baba yake jambo moja tu, aende akaitazame, kisha aandike apendavyo. Marehemu aliahidi, na laiti angekwenda, lakini siku ile baada ya sala ya Alasiri alifikiri kwamba kesho asubuhi watu watawahi kahawa na ubao uwe tayari, na kwa kuwa alikwishajua atasema nini, akachukua chaki na kuandika hivi: "Jana usiku tumeshuhudia filamu inayotamani enzi za makabaila. Hadhira haikucheka." Akarudi nyumbani, akala, akalala. Na upande wa pili, kwa saa ile ile na kwa uvivu ule ule, Bwana Abdulhakim naye akaandika: "Jana usiku tumeona wazee wetu wakifanywa wajinga kwa amri ya wakubwa. Watu waliondoka kwa hasira." Naye akaenda kulala.

Na usiku ule filamu haikuonyeshwa. Taa ya mashine iliungua kabla hata jina halijapita kwenye pazia, watu wakangoja, wakaombwa radhi, wakarudi majumbani, na asubuhi ya Jumapili wakaja kunywa kahawa wakasoma mbao mbili zinazowaeleza jinsi walivyonuna na jinsi walivyokasirika kwa filamu ambayo hakuna kiumbe aliyeiona. Kahawa ilimwagika siku ile, kuna waliokaa chini kwa kucheka, na katikati ya kicheko hicho akatokea Tahiya, macho mekundu kwa kutolala, kabeba lile pazia lililokunjwa begani, akasimama mbele ya ubao, akasoma mpaka mwisho, akamgeukia mzee aliyekuwa na kikombe mkononi.

"Baba, filamu haijaonyeshwa."

Hapo kilichotakiwa ni neno moja, na marehemu alilijua, alilisema mwenyewe baadaye kuwa lilikuwa mdomoni tayari, lakini mwenyekiti alikuwa kakaa kulia kwake, na upande wa pili wa njia Zamu Yetu wameinuka wote kusikiliza, na akasema, "Hata ingeonyeshwa, ingekuwa hiyo hiyo."

Tahiya aliondoka na pazia lake, na tangu siku ile kati ya baba na binti pakabaki shikamoo na marahaba, Idd zote na arusi zote na misiba yote, hakuna zaidi, na kwa mama yake alikuwa akija saa ambazo baba yupo kahawani.

Wiki ya pili yake, Jumamosi tarehe 14, filamu ilionyeshwa katika skuli moja ya Bububu, maskani zote mbili zimeisusia, wakaenda kinamama na wakulima wa Kidichi na watoto, na Bi. Khamisa akavaa buibui lake akaenda na Yusra bila kuomba ruhusa ya mtu. Alirudi anacheka. Alicheka mlangoni, alicheka akivua viatu, alicheka akipakua wali, na mumewe alipomuuliza kilichokuwemo alimwambia akaulize ubao wake. Asubuhi alikuwa akichuja chai akakumbuka kitu, chai ikamwagika yote, na marehemu kakaa pale na kikombe kitupu, haambiwi. Ndugu waungwana, mtu ambaye kazi yake ya miaka arubaini ilikuwa kuwapelekea watu kicheko, aliishi miaka sita katika nyumba yake mwenyewe yenye kicheko asichokijua, hawezi kwenda kuitazama filamu kwa kuwa alishaandika, na hawezi kuacha kuuliza, na kila akitupa neno kwa mbali, eti yule mbuzi mwishowe alikufa kweli, mkewe na Yusra wanatazamana na kuficha nyuso ndani ya khanga.

Tarehe 12 Mei 2024 marehemu alishikwa na pumzi akipanda ngazi, akalazwa hospitali siku kumi na mbili, na madaktari wakasema moyo umetanuka na sasa aende nao taratibu. Siku ya nne, bila kutarajiwa na mtu, akaja kumtazama Bwana Abdulhakim, kavaa kanzu mpya kama anakwenda kuposa, akakaa kitandani, akatazama mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Miraji, nshaiona mara tano." Marehemu akauliza ameona nini, akajibiwa kuwa ni ile ya mbuzi, kaitazama kwenye simu ndani ya duka lake, kajifungia, na marehemu akamshika mkono na kumsihi, "Nambie basi, karani anafanya nini?", kwa maana neno karani alishalisikia likinong'onwa jikoni kwake. Abdulhakim alifungua mdomo aeleze, kikamshika kicheko kikamkaba, akacheka mpaka muuguzi akaja kumtoa nje kwa kuwa wagonjwa wengine wanataka kulala, na marehemu akabaki peke yake na dripu yake, hakuambiwa.

Ndipo kiburi kilipokatika. Alimtuma Yussuf aende Tunguu akamwite Tahiya, na Tahiya alikuja siku ile ile, akasimama miguuni pa kitanda, akaamkia, na marehemu badala ya marahaba akamwambia kuwa anataka kuiona. Binti akasema, "Kwenye simu hupewi, baba. Utaiona Bububu, umekaa na watu." Na wengine pale walimuona mkali, mgonjwa wa moyo na safari, lakini marehemu aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi, na tangu hapo alikunywa dawa bila kubembelezwa.

Siku yenyewe, daktari aliporuhusu safari, ilikuwa Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, baada ya Alasiri, ukumbi wa skuli ile ile, madirisha yamezibwa kwa mikeka na khanga, na habari zilikwishatangulia, basi walikuja Hatubanduki na walikuja Zamu Yetu, kila mmoja anasema amemsindikiza mgonjwa. Marehemu aliwekwa mbele kwenye kiti cha mikono, Tahiya kakaa chini miguuni pake. Robo saa ya mwanzo alikunja uso, mazoea ni ngozi, akawa anatafuta makosa, bendera ile mbona hivi, kilemba kile mbona vile. Kisha mbuzi akapanda gari moshi na kukataa kutoa tiketi, na bega moja la marehemu likapanda. Kisha likaja la pili.

Halafu akatokea karani wa mahakama. Mtu mnene, jicho moja analifumba akiandika, anailamba kalamu kabla ya kuanza, na kila akiulizwa jambo anasema, "Hilo limeshapita," na kwa hapa mtaani hakuna mtu mzima wala mtoto asiyejua nani mwenye tumbo, nani hufumba jicho, nani huilamba chaki na nani husema limeshapita. Karani yule huandika hukumu wakati mshitaki bado yuko mlangoni anavua viatu, na yule bibi wa Bububu anaingia amemshika mbuzi wake kwa kamba, mzima, anatafuna, maana kumbe hakufa, alikimbia, na bibi anasema, "Bwana karani, mbuzi mwenyewe huyu hapa, yu hai." Karani anatazama mbuzi, anatazama karatasi, anasema, "Bibi, nshaandika kafa."

Ukumbi ulipasuka, kisha ukakatika ghafla kama uliozimiwa mashine, kwa sababu watu walikumbuka nani kakaa mbele, na vichwa vyote vikageuka, Bi. Khamisa kashika mdomo, Bwana Abdulhakim kainamia viatu vyake, na Tahiya hakugeuka, shingo yake tu ilikuwa imekakamaa. Filamu ile ilitengenezwa kabla ya Jumapili ya ubao, mjue hilo, binti alikuwa akimjua baba yake kabla baba hajajijua. Marehemu akainama na kusema, kwa sauti ambayo safu tatu zilisikia na baada ya dakika Bububu nzima ilishaipata, "Tahiya, tumbo umenipunguzia."

Na Tahiya, bado hakugeuka, akasema, "Mchezaji alikataa kufungwa mto tumboni, baba."

Hapo marehemu alicheka, kofia ikamtoka, daktari aliyekuja naye akainuka na kukaa tena, na binti akaweka kichwa chake kwenye goti la babake, ikawa hajulikani nani anacheka na nani analia, na filamu ikabidi irudishwe nyuma kwa kuwa hakuna aliyesikia sehemu iliyofuata.

Kesho yake, Jumatatu, aliomba apelekwe ubaoni, akashikwa kwapa huku na huku, akaandika maneno haya, ambayo wengi mnayo kwenye simu zenu: "Mwaka 2018 niliandika habari za filamu nisiyoiona. Binti yangu aliniambia, sikumsikia. Sasa nimeiona. Inachekesha. Karani ni mimi. Miraji Ubwa." Mwenyekiti alipopata habari alikuja mbio na kitambaa cha maji afute, kuwa maskani haina msimamo huo na kikao hakijakaa, na Bi. Bashira muuza vitumbua, kutoka kwenye karai lake na bila kuinua macho, akamuuliza, "Umeiona?" Mwenyekiti alisimama, kitambaa kinachuruza maji mpaka kwenye viatu, hakuwa ameiona, na mwisho akaishia kufuta viti. Siku ya pili ubao wa Zamu Yetu nao ukasomeka, "Karani wa pili ni mimi, Abdulhakim fundi saa." Na tangu hapo katika mtaa huu huwezi kutia neno juu ya kitu chochote, bajeti, harusi wala bwana harusi, ila utaulizwa umeiona.

Miezi miwili iliyobaki marehemu aliishi kwa furaha, Tahiya alirudi kulala nyumbani, chumba cha nyuma, akimsomea baba yake kurasa za filamu yake mpya, na kila marehemu akiulizwa kama ni nzuri alikataa kusema, kuwa hajaiona. Alifariki nyumbani kwake, mikononi mwa mkewe na watoto wake watatu, jana Alhamisi tarehe 23 Januari 2025 baada ya sala ya Magharibi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, na ameacha kizuka wake, Bi. Khamisa, watoto watatu na wajukuu saba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule muuguzi aliyemtoa Bwana Abdulhakim wodini, tunamuomba radhi, inawashukuru majirani wa Sokomuhogo waliopika tangu jana bila kuambiwa, Bi. Bashira na karai lake, jamaa wa Bububu waliochimba kaburi alfajiri, wenzake wa sinema na wa gari la sinema waliobaki, na maskani zote mbili, ambazo leo zimekaa mchanganyiko, hata kama ni kwa sababu viti vya upande mmoja havikutosha, mkae hivyo hivyo.

La mwisho ni tangazo, na marehemu mwenyewe ndiye aliyelitaka lisomwe mbele yake. Filamu mpya ya Tahiya itaonyeshwa Bububu Jumapili tarehe 22 Juni, Bi. Khamisa atakapokuwa ametoka edda, nayo pia ni ya zamani na ya kuchekesha, na tumeambiwa kwamba hapa hapa matangani wapo walioanza kuikasirikia na wapo walioanza kuisifu, tunawaombeni nyote mngoje. Kapumzike kwa amani, Miraji Ubwa, wewe yako uliwahi kuiona.